Namba za NIDA zinaishia na sifuri na wauzaji wote wana simu moja: nichagueje aina za data katika SQL?

Karani_wa_Mwaloni (Mwanza) ameuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni karani katika ghala dogo la kununulia samaki karibu na mwalo wa Kirumba. Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika mizigo katika daftari la kaunta na jioni kuihamishia Excel, hadi mwezi uliopita tajiri wetu aliponiagiza nihamishe kumbukumbu zote kwenye kanzidata ya MySQL. Mwanawe anayesoma chuo alinifundisha amri za SQL, lugha ya kanzidata, yaani CREATE TABLE, INSERT na SELECT, kwa siku mbili, likizo yake ikaisha, akaondoka, nami nikabaki na jedwali na maswali.

Jedwali lenyewe nililitengeneza hivi:

```
CREATE TABLE mizigo (
  nida BIGINT,
  simu INT,
  jina VARCHAR(255),
  aina VARCHAR(255),
  uzito VARCHAR(255),
  malipo VARCHAR(255),
  tarehe VARCHAR(255)
);
```

Nilifikiri kwamba kilicho namba tupu kikae kwenye aina ya namba, na kingine chochote kikae kwenye VARCHAR, aina ya maandishi, ambayo kijana aliniambia kuwa hupokea kila kitu. Ni kweli imepokea kila kitu, lakini majibu ninayopata yananitia aibu mbele ya tajiri. Kwanza, wauzaji wote mia na zaidi wana namba moja ya simu, nayo ni 2147483647, ambayo hakuna mtu yeyote hapa mwaloni aliyewahi kuwa nayo. Namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, nazo zimekuwa moja, na nilipoirudia Excel nikakuta kwamba hata huko tarakimu tano za mwisho za kila mtu ni sifuri. Pili, nilipoomba mizigo ipangwe kuanzia mzito kuliko yote, nilipewa kilo 98, kisha 7, kisha 12.5, na mzigo wa kilo 104 ukawa wa mwisho kabisa. Tatu, nilijumlisha malipo ya siku yenye mizigo mitatu, yaani 1,250,000 na 940,000 na 86,500, na mashine ikaniambia jumla ni 1027.

Naomba kuelekezwa. Je, uzito na malipo niviweke kwenye FLOAT, kwa kuwa nimesoma kwamba ndiyo aina ya namba zenye nukta? Je, hiyo 255 ina maana gani, na nikiiacha kila mahali ninaharibu nini? Na mzigo ambao haukupimwa niuandikie sifuri au niache wazi?

Mtunza_Kanzidata (Nyakato) amejibu:

Karani, usione aibu, kwa sababu makosa yote uliyoyataja yana chanzo kinachoeleweka, na mashine haikukudanganya hata mara moja, ilifuata ulichoiambia. Nitaanza na namba za simu na za NIDA, maana hapo ndipo karibu kila anayeanza hujikwaa.

INT katika MySQL hukaa ndani ya baiti nne, na baiti nne zinaweza kubeba namba kuanzia hasi 2,147,483,648 hadi 2,147,483,647 tu. Namba ya simu iliyoandikwa kwa 255 mbele, ukiisoma kama kiasi, ni zaidi ya bilioni 255, kwa hiyo haiingii. Mashine yako, badala ya kukataa, imeibana kila namba hadi mwisho wa uwezo wake, ndiyo maana wauzaji wote wamepata simu moja. Hilo lenyewe linanionyesha tatizo jingine: kanzidata yako haiko katika hali ya ukali. Andika `SELECT @@sql_mode;` na kama huoni neno STRICT_TRANS_TABLES katika jibu, mwombe yule kijana aliwashe kabla hujaingiza mstari mwingine wowote. Tangu toleo la 5.7 hali hiyo huwa imewashwa tangu mwanzo, lakini mipangilio ya kompyuta nyingi huizima, na ikizimwa mashine hukubali takataka huku ikitoa onyo dogo ambalo hakuna anayelisoma.

Unaweza kufikiri kwamba dawa ni BIGINT, kama ulivyofanya kwa NIDA. Hesabu tarakimu. BIGINT huishia kwenye 9,223,372,036,854,775,807, ambazo ni tarakimu 19, na namba ya NIDA ina tarakimu 20. Hata ukiipanua kwa kuongeza UNSIGNED, yaani bila namba hasi, inaishia kwenye 18,446,744,073,709,551,615, ambayo kweli ina tarakimu 20. Lakini namba ya NIDA huanza na mwaka wa kuzaliwa, na aliyezaliwa mwaka wowote wa 1900 na kitu ana namba inayoanza na 19, ambayo tayari imeshapita 18. Sijui mfano mwingine unaotuonyesha sisi Watanzania jambo hili kwa uwazi zaidi: hicho si kiasi, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna siku utakayojumlisha namba za NIDA za wavuvi wawili, wala kutafuta wastani wa simu zao. Kitu cha namna hiyo hukaa katika aina ya maandishi. NIDA iweke CHAR(20), kwa kuwa urefu wake haubadiliki, na simu iweke VARCHAR(16), kwa kuwa kiwango cha kimataifa kinaruhusu tarakimu zisizozidi 15, na alama ya kujumlisha ya mbele huongeza herufi moja. Ukifanya hivyo, hata sifuri ya mwanzo ya simu zinazoandikwa kwa 07 au 06 itabaki, wakati katika aina yoyote ya namba sifuri hiyo hupotea kwa sababu 07 na 7 ni kiasi kilekile.

Kuhusu zile sifuri tano, kosa hilo lilitendeka kabla ya MySQL kuhusika. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote na kuzigeuza zinazofuata kuwa sifuri, isipokuwa kama ulikuwa umeiweka safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuandika. Zilizopotea hazirudi kwa amri yoyote, itakubidi urudi kwenye daftari la kaunta. Lakini kabla hujaketi kuzinakili upya, muulize tajiri kama ghala linazihitaji kweli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watu usizozihitaji ni mzigo tu.

Sasa mpangilio wa uzito. Kwa kuwa umeuweka katika VARCHAR, mashine inaupanga kama inavyopanga maneno katika kamusi, herufi kwa herufi kutoka kushoto. Tarakimu 9 ni kubwa kuliko 7, na 7 ni kubwa kuliko 1, hivyo 98 ikatangulia, 7 ikafuata, kisha zikabaki 12.5 na 104 ambazo zote zinaanza na 1. Hapo ikaangalia herufi ya pili, ikaona 2 na 0, ikaamua. Haikuangalia ukubwa hata kidogo, kwa sababu hukuiambia kuwa hiki ni kitu chenye ukubwa.

Jumla ya 1027 ni ya kusikitisha zaidi. Unapoiomba MySQL ijumlishe maandishi, hujaribu kuyageuza kuwa namba kwa kusoma kutoka kushoto hadi ikutane na herufi isiyoielewa, na koma ni mojawapo. Hivyo 1,250,000 ikasomwa 1, ikasimama. 940,000 ikasomwa 940. 86,500 ikasomwa 86. Jumlisha hizo tatu utapata 1027. Ninakuomba uangalie pia kama katika safu ya uzito hakuna mahali palipoandikwa maneno kama '3 ndoo', kwa sababu hapo mashine imehesabu kilo 3 na kuendelea na safari yake. Mistari michafu utaiona kwa amri hii, baada ya kutengeneza nakala ya jedwali zima pembeni:

```
SELECT * FROM mizigo
WHERE uzito NOT REGEXP '^[0-9]+([.][0-9]+)?$';
```

Kuhusu 255, ni mazoea zaidi kuliko sheria. VARCHAR hutunza herufi zilizopo pamoja na kumbukumbu ndogo ya urefu, na kumbukumbu hiyo huchukua baiti moja ikiwa safu haiwezi kuzidi baiti 255, au mbili ikiwa inaweza. Neno 'sato' haliongezeki uzito kwa kukaa ndani ya VARCHAR(255). Hasara yake ni kwamba umeacha mlango wazi: katika safu ya aina ya samaki, mtu anaweza kuandika sentensi nzima kuhusu hali ya barafu, na mashine itaipokea kwa heshima. Mimi ningeweka VARCHAR(30), na hata hiyo ni kubwa kwa sato, sangara, dagaa na kayabo.

Mkufunzi_Igoma amejibu:

Ninakubaliana na Mtunza_Kanzidata kwa yote, lakini swali la FLOAT hakuligusa, na ndilo lililowahi kunigharimu.

Dada Karani, usitumie FLOAT kwa fedha. FLOAT hutunza namba kwa mfumo wa mbili, na katika mfumo huo sehemu kama moja ya kumi haina mwisho, kama ambavyo theluthi moja katika mfumo wetu wa kumi huandikwa 0.333 bila kufika mwisho. Mashine hulazimika kukata mahali fulani, na ilichokata hakipo tena. Tena FLOAT ina takribani tarakimu saba tu za kuaminika. Miaka kadhaa iliyopita niliwatengenezea wafanyabiashara fulani wa Sengerema jedwali la mauzo na, kwa ujana, nikaweka safu ya jumla kuwa FLOAT. Mwisho wa mwezi daftari lao lilisema 18,450,375 na kanzidata yangu ilisema 18450400. Tofauti ni shilingi 25, ambazo hazinunui hata kiberiti, lakini mhasibu wao, mama mmoja mtaratibu sana, alikunja mikono na kuniambia kwamba kama mashine inaweza kuzua shilingi 25 mchana kweupe, hajui itazua nini usiku. Sikuwa na jibu, na nikaandika jedwali upya.

Aina unayoitaka ni DECIMAL. Namba mbili zinazofuata jina lake hueleza jumla ya tarakimu na idadi ya zile zinazokaa baada ya nukta. Mara nyingi wanafunzi wangu hudhani ya kwanza ni tarakimu za kabla ya nukta, na hilo ni kosa. DECIMAL(10,2) ina tarakimu nane tu kabla ya nukta, yaani huishia kwenye 99,999,999.99, kiasi ambacho ghala linaweza kukifikia kwa wiki chache za msimu. Kwa malipo weka DECIMAL(15,2). Senti hatuzitumii tena mkononi, lakini bei ya kilo ikizidishwa kwa uzito wenye nukta huweza kuzaa senti katikati ya hesabu, na ni vizuri kuziacha hadi mwisho ndipo ukadirie. Chukua sangara wa kilo 12.35 kwa bei ya shilingi 8,500 kwa kilo: ni 104,975 kamili, na DECIMAL itakupa hiyo hiyo leo na mwaka ujao.

Kwa uzito nakushauri DECIMAL(8,3), nafasi tatu baada ya nukta. Unaweza kuona ni nyingi kwa gunia la dagaa, lakini ghala lako likianza kununua mabondo, yaani vibofu vya sangara, utashukuru, maana pale gramu ni fedha na hakuna muuzaji atakayekubali gramu 40 zipotee kwenye kukadiria. Fahamu tu kwamba ukiandika tarakimu zaidi ya tatu baada ya nukta, mashine haitakataa bali itakadiria: 12.3456 itakuwa 12.346.

Sasa mzigo usiopimwa. Hapa SQL ina kitu ambacho Excel haikukufundisha, nacho ni NULL, yaani thamani haijulikani. NULL si sifuri wala si maandishi matupu. Tuseme mitumbwi minne imeleta dagaa: wa kwanza kilo 120, wa pili kilo 80, wa tatu ulirudi mtupu kwa sababu ya mbalamwezi, na wa nne ulipima kwa mwenzako ambaye hakuandika. Wa tatu ni 0, kwa kuwa tunajua ulipata nini. Wa nne ni NULL. Ukiomba wastani kwa AVG, mashine itaruka NULL na kugawa 200 kwa 3, upate 66.67. Ungeandika sifuri kwa wa nne, ungepata 50 na kumwonea mvuvi. Ungeacha wazi kwa wa tatu pia, ungepata 100 na kujidanganya kwamba ziwa lina neema. Kwa sababu hiyohiyo, COUNT(*) huhesabu mistari yote minne, na COUNT(uzito) huhesabu mitatu.

Jambo moja litakushangaza: ukiandika `WHERE uzito = NULL` hutapata mstari wowote, hata kama NULL zimejaa, kwa sababu mashine haiwezi kusema kwamba kisichojulikana ni sawa na kisichojulikana. Andika `WHERE uzito IS NULL`. Nimeona watu wazima wakipoteza mchana mzima hapo.

Karani_wa_Mwaloni ameandika:

Mwalimu wangu na kaka Mtunza_Kanzidata, Mungu awabariki. Amri ya kutafuta mistari michafu nimeitumia, na ndoo zilikuwapo kweli, pamoja na 'gunia 2', 'kama 40' na mstari mmoja ulioandikwa 'muulize Baba Neema'. Nimekaa na daftari siku mbili kuzirekebisha. Koma za malipo nimeziondoa kwa REPLACE, kisha nikabadili safu zote mbili kwa ALTER TABLE, na jumla ya siku ile sasa ni 2276500 kama inavyopaswa.

Limebaki suala la tarehe. Daftari langu lina tarehe kama 03/04/2024 na saa kama 'saa 11', kwa kuwa mitumbwi ya dagaa hutoka jioni na kurudi alfajiri. Nilijaribu kuiweka safu kuwa DATE na mashine imekataa kila kitu. Je, nirudi VARCHAR kwa tarehe?

Fundi_wa_Pwani (Bukoba) amejibu:

Usirudi. Tarehe iliyo katika VARCHAR haitakwambia kilichopokelewa wiki iliyopita, na ukiipanga itaweka tarehe 01 za miezi yote pamoja kabla ya kufika tarehe 02. MySQL huandika tarehe kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na daftari lako limeandikwa kinyume chake kama tulivyozoea sote. Huna haja ya kuandika upya kwa mkono, mashine itageuza yenyewe ukiieleza mpangilio uliopo:

```
SELECT STR_TO_DATE('03/04/2024', '%d/%m/%Y');
```

Jibu litakuwa 2024-04-03. Zingatia kwamba %d imetangulia %m. Ukizibadilisha, tarehe tatu Aprili itakuwa tarehe nne Machi na hakuna atakayegundua, kwa kuwa zote ni tarehe halali.

Saa ndiyo yenye mtego, na huu ni mtego wetu sisi tunaosema Kiswahili. 'Saa 11' ya daftari lako ni alfajiri, yaani 05:00 kwa saa za mashine, lakini 11 hiyohiyo ingekuwa ya jioni ni 17:00, na ukiiingiza kama ilivyo mashine itaelewa 11:00, ambayo kwetu ni saa tano asubuhi wakati dagaa wameshaanikwa na watu wamelala. Hakuna aina ya data inayojua tofauti hiyo. Wewe ndiye uigeuze kabla ya kuingiza, na kama daftari halisemi alfajiri au jioni, itabidi ukumbuke au uulize. Baada ya hapo, nakushauri usitumie DATE peke yake wala TIME peke yake. Mtumbwi uliotoka Jumatano saa 12 jioni na kurudi Alhamisi saa 12 asubuhi umekaa ziwani saa 12. Lakini ukiweka saa tu, mashine itatoa 18:00 kutoka 06:00 na kukuambia mtumbwi ulirudi saa 12 kabla haujatoka. Weka safu mbili za DATETIME, yaani tarehe na saa pamoja, moja ya kutoka na moja ya kurudi, na TIMESTAMPDIFF itakupa muda sahihi.

Utakutana pia na TIMESTAMP, ambayo inafanana na DATETIME kwa nje. Tofauti ni kwamba TIMESTAMP huigeuza saa kuwa ya UTC (saa ya kimataifa) inapoitunza na kuirudisha inapoisoma, na huishia tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 za UTC, yaani kwetu saa 12 na dakika 14 asubuhi. Ghala lako likiwa bado lipo siku hiyo, mitumbwi itakuwa inashusha. Kwa kumbukumbu za mwaloni DATETIME inatosha. Ila siku mkihamishia kanzidata kwenye seva ya nje ya nchi, kumbuka kwamba huenda saa yake ikawa nyuma yetu kwa saa tatu, na mzigo uliopokelewa kwa NOW(), amri inayoandika saa ya sasa, saa 8 usiku wa kuamkia Alhamisi utaandikwa Jumatano saa 23:00. Amri ya `SET time_zone = '+03:00';` unapoanza kazi huondoa tatizo hilo.

Mwana_wa_Magu amejibu:

Mimi sina mengi, ila kwa kuwa uko Mwanza, lazima utakutana na hili kabla ya wiki kuisha. Majina yetu ya Kisukuma yana Ng' nyingi, na ile alama ya juu ndiyo hiyohiyo inayofungua na kufunga maandishi katika SQL. Ukiandika `'Ng'wana Malundi'` kama jina la mtumbwi, mashine itaona maandishi yameishia kwenye Ng, na kilichobaki itakichukulia kuwa amri isiyoeleweka, kisha italalamika kuhusu sintaksia bila kukuambia kuwa kosa ni hiyo alama. Iandike mara mbili:

```
INSERT INTO mitumbwi (jina) VALUES ('Ng''wana Malundi');
```

Hizo ni alama mbili za mkato mmoja, si alama moja ya mikato miwili, na kitakachotunzwa ni moja tu. Tafadhali usiamue kuandika Ngwana ili kuepuka usumbufu, kama nilivyoona wengine wakifanya, kwa sababu baadaye utatafuta kwa njia moja na kukuta nusu ya watu. Na kijana wa tajiri akija kukutengenezea fomu ya kuingizia data, mwambie asiunganishe maandishi ya mtumiaji ndani ya amri kwa kujumlisha vipande, bali atumie amri iliyoandaliwa yenye alama ya kuuliza mahali pa thamani. Fomu inayovunjika kwa sababu ya jina la Kisukuma ndiyo hiyohiyo inayoweza kuingiliwa na mtu mwenye nia mbaya.

Mtunza_Kanzidata ameongeza:

Ndugu wa Magu amenikumbusha jambo. Karani, jedwali lako halina ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila mstari, na nisingependa utumie simu kwa kazi hiyo, maana mwaloni watu wawili huchangia simu moja, na mtu mmoja hubadili laini mara tatu kwa mwaka. Wauzaji wawe na jedwali lao, kila mmoja na id yake, na mizigo ibebe id hiyo tu:

```
CREATE TABLE mizigo (
  id INT UNSIGNED AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  muuzaji_id INT UNSIGNED NOT NULL,
  aina VARCHAR(30) NOT NULL,
  uzito_kg DECIMAL(8,3) CHECK (uzito_kg >= 0),
  malipo DECIMAL(15,2),
  imepokelewa DATETIME NOT NULL
);
```

Ona kwamba uzito_kg hauna NOT NULL, kwa sababu aliyoieleza Mkufunzi. Neno kg ndani ya jina la safu nimeliweka makusudi ili mtu mwenye ndoo mkononi asite. CHECK, inayozuia uzito hasi, hufanya kazi kuanzia toleo la 8.0.16, matoleo ya nyuma huisoma na kuipuuza kimya kimya.

Karani_wa_Mwaloni ameandika:

Nimefanya yote, na jana nilimwonyesha tajiri mizigo ikiwa imepangwa kwa uzito. Ule wa kilo 104 ulikuwa juu kabisa kama mlivyoniahidi, naye akauliza ni nani aliyeleta kayabo ya kilo 104 kwa baiskeli. Tulifungua daftari tukakuta ni 10.4. Nukta ilidondoka nilipokuwa ninanakili kwenye Excel mwaka jana, kwa hiyo kilo 98 ndiyo iliyostahili kuwa ya kwanza tangu mwanzo, na VARCHAR ilikuwa imepatia kwa bahati. Nimeurekebisha kwa UPDATE.

Mkufunzi_Igoma amejibu:

Dada, natumaini uliweka WHERE.

Karani_wa_Mwaloni ameandika:

Niliweka, mwalimu. Ila mara ya kwanza sikuweka, na kwa dakika kumi ghala zima lilikuwa na kilo 10.4 kila mstari. Ile nakala mliyoniambia niiweke pembeni ndiyo iliyoniokoa.